Hewa ya Mlimani: Sifa za Fundi wa Kabureta

Pikipiki inayoondoka Kasindi alfajiri, pale mpakani mwa Kongo na Uganda, ikapita Beni na kupanda mpaka Butembo, huvuta hewa za aina tatu kabla jua halijafika utosini. Kasindi iko katika bonde la Semuliki, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Beni iko juu yake kidogo, kwenye mita 1,100 na ushee. Butembo imekaa juu ya vilima, kati ya mita 1,700 na 1,800, na motari, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, akiendelea kusini kuelekea Lubero, au akichepuka kwenda kuchukua viazi na kabichi za Masereka, hukaribia mita 2,000 na hata kuzivuka. Mafuta ndani ya tangi ni yale yale na pikipiki ni ile ile. Kinachobadilika ni hewa. Hapa Vulamba, moja ya komine nne za jiji la Butembo pamoja na Bulengera, Kimemi na Mususa, hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko hewa ya Mombasa, bandari ambako pikipiki zetu nyingi hushushwa melini.

Jicho halioni upungufu huo, na kifua cha mwenyeji kimekwisha kuuzoea. Injini haizoei. Ikifika kwenye kilima cha mwisho kabla ya mji hukohoa, hutoa moshi mweusi, huchelewa kuitikia mkono wa mafuta, na motari hulazimika kurudi gia ya chini wakati amebeba mama mwenye magunia mawili ya mkaa. Kwa hiyo huenda kwa fundi. Anampata kando ya barabara, chini ya turubai au kibanda cha mabati, na mbele yake kipande cha katoni kimetandazwa, juu yake vipuri vidogo vya shaba vinang'aa. Nataka kumsifu mtu huyo, na namsifu kwa sababu moja ambayo naona haisemwi vya kutosha: pikipiki haijakamilika inapotoka kiwandani. Kiwanda huipima kwa ajili ya nchi nyingi kwa pamoja, maana yake hakiipimi kwa ajili ya kilima chochote. Mtu wa kilimani ndiye anayeimalizia, na zana yake kuu ni kabureta, kwa kuwa kabureta inafunguka.

Wapo wanaoidharau kazi hii. Husema ni kazi ya vijana waliokosa shule, ya mikono myeusi na kelele. Anayesema hivyo hajakaa akatazama. Ndani ya kabureta, chombo kinachoenea kwenye kiganja, mna elimu iliyokusanywa kwa karibu karne tatu, na fundi wa Butembo huishika kila siku bila kuambiwa majina ya walioianzisha. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, alichapisha kitabu kilichoeleza uhusiano wa mwendo na msukumo wa majimaji. Mwaka 1797 Mwitaliano Giovanni Battista Venturi akaandika juu ya kinachotokea maji yanapopita mahali pembamba. Kanuni yao ndiyo koo la kabureta. Hewa ikilazimishwa kupita penye wembamba huongeza mwendo, na ikiongeza mwendo msukumo wake hushuka. Chini ya koo hilo mna bakuli la mafuta, na kati ya bakuli na koo mna mrija. Msukumo ukishuka juu, mafuta hupanda yenyewe, hutoka kwa tundu dogo, na upepo huyararua kuwa ukungu. Injini hunywa ukungu huo. Esansi (petroli) ya majimaji haiwaki inavyotakiwa. Esansi iliyogeuzwa ukungu na kuchanganywa na hewa kwa kipimo ndiyo inayosukuma pistoni.

Wa kwanza walifanya kwa njia nyingine. Frederick Lanchester wa Uingereza, katika magari yake ya kwanza mwishoni mwa karne ya 19, alitumia tambi: nyuzi zilichovya katika mafuta, zikayanyonya, hewa ikapita kati yake na kubeba mvuke. Lakini njia ya tundu na ukungu, ambayo Wilhelm Maybach kule Ujerumani na Donát Bánki na János Csonka kule Hungaria waliifikia mwanzoni mwa miaka ya 1890, ndiyo iliyoshinda. Kabureta za pikipiki za Boxer na TVS zinazojaa mitaa ya Butembo ni wajukuu wa kazi hiyo. Aliyemwona Maybach akifanya kazi angemtambua fundi wetu mara moja, kwa kuwa wote wawili wanahangaika na swali lile lile: hewa kiasi gani, mafuta kiasi gani?

Jibu la kitabuni linajulikana. Gramu moja ya esansi huhitaji karibu gramu 15 za hewa ili iungue yote. Ugumu uko kwenye kulitimiza. Pistoni huvuta ujazo ule ule wa hewa popote ilipo, Mombasa au Lubero. Lakini mlimani ndani ya ujazo huo mna hewa kidogo, na tundu la mafuta halijui. Linaendelea kutoa karibu kiasi kile kile lilichozoea. Basi mafuta huzidi. Moshi mweusi unaoonekana kwenye vilima vyetu ni fedha za motari zinazotoka bila kufanya kazi.

Sasa tazama fundi anavyoanza. Kabla hajagusa spana huuliza maswali mawili, na fundi mzuri hutambulikana kwa maswali hayo. La kwanza: "Unafanyia wapi?" Motari anayezunguka mjini tu, kutoka soko hadi hospitali na kurudi, hataki kipimo kile kile anachotaka yule wa njia ya Kasindi. Swali la pili: "Inakataa mkono ukiwa wapi?" Hapo motari mzoefu hujibu kwa kiganja, akiuzungusha hewani: ukifungua kidogo, ukifika nusu, au ukivuta wote. Jibu hilo linampeleka fundi moja kwa moja kwenye kipuri. Kabureta ina milango mitatu ya mafuta, kila mmoja na zamu yake. Mkono ukiwa umefungwa au umefunguliwa kidogo, anayetawala ni jigleri mdogo wa ralanti, yaani mwendo wa injini mkono ukiwa umeachiwa, pamoja na skrubu ya hewa. Katikati anatawala sindano, ile fimbo nyembamba inayopanda na kushuka ndani ya mrija. Mkono ukivutwa wote, jigleri mkubwa ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa hiyo malalamiko ya injini yana anwani. Anayefungua kila kitu kabla ya kuuliza anapoteza muda wa mteja na muda wake.

Kisha hufunga bomba la mafuta, hulegeza vibano, huchomoa waya na kuishusha kabureta. Hapa huanza adabu ya kazi. Kila kinachotoka huwekwa kwenye katoni kwa mpangilio wa kutoka kwake, kushoto kwenda kulia, ili kirudi kwa njia hiyo hiyo kinyume. Springi ndogo ya skrubu ya hewa, na kipete cha mpira kinachokaa chini yake, vinaweza kupotea katika vumbi jekundu kwa kupepesa jicho, na kabureta iliyopoteza kipete hicho haitatulia tena. Mwanafunzi wa garaji hafundishwi kwanza kufungua. Hufundishwa kwanza kupanga. Hukaa miezi akiosha vipuri kwenye kopo la esansi na kuvitandaza, mpaka mikono yake ijue familia nzima ya chombo bila msaada wa macho.

Jigleri ndiye roho ya jambo. Ni skrubu ya shaba ya manjano isiyozidi ncha ya kidole kidogo, yenye tundu katikati na namba iliyochongwa: 90, 95, 100. Namba ikikua, mafuta yanayopita yanaongezeka. Tundu la jigleri mkubwa halifiki milimita moja na nusu. La yule wa ralanti ni jembamba zaidi, na chembe moja ya kutu kutoka kwenye tangi inatosha kuliziba. Fundi huliinua hadi kwenye mwanga na kuchungulia. Tundu safi linaonyesha duara kamili la anga. Tundu lililoziba nusu linaonyesha umbo la mwezi mchanga. Namna ya kulisafisha ndiyo inayomtenga fundi na mharibifu. Mharibifu huchukua waya wa chuma, wa breki au wa springi, na kuusukuma kwa nguvu. Shaba ni laini kuliko chuma. Tundu hupanuka, na kuanzia siku hiyo namba iliyochongwa ni uongo. Kabureta itasoma 95 lakini itamwaga mafuta ya 100, na fundi atakayefuata atahangaika bila kujua kwa nini. Fundi wa kweli hulowesha, husubiri, hupuliza kwa hewa ya kompresa, na kama kuna ukaidi hutumia uzi mmoja wa shaba laini kutoka kwenye waya wa umeme, kwa kugusa tu. Anajua kwamba kilichotobolewa kikapanuka hakirudi.

Baada ya jigleri huja bakuli na boya lake. Boya huelea juu ya mafuta na kusukuma kisindano kinachofunga mlango yakifika kimo chake. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na hapa maneno hayo ni kweli kwa kila namna. Boya likitoboka huingiwa na mafuta, huzama, mlango haufungi tena, na esansi humwagika chini mchana na usiku. Fundi hulitikisa karibu na sikio. Akisikia kitu kinacheza ndani, au akiona viputo anapolizamisha kwenye maji ya moto, amepata ugonjwa. Kisindano nacho hukaguliwa ncha: mstari mdogo ulioliwa pembeni yake unatosha kupitisha tone, na tone kwa tone ni lita. Chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia. Hapo ndipo maji hujificha, kwa kuwa ni mazito kuliko esansi. Huonekana ni vijidonge vinavyozunguka chini bila kuchanganyika.

Maji hayo yana historia yake. Mafuta yetu mengi husafiri kutoka pwani ya Kenya, kupitia Uganda, hadi Kasindi, kisha hugawanywa katika madumu na chupa na kuuzwa kando ya barabara na wale ambao Wakongo huwaita kadhafi. Kila mahali yanapohamishwa kutoka chombo hadi chombo, kuna nafasi ya mvua, kutu, mchanga, na mara nyingine mafuta ya taa yaliyoongezwa na mtu asiyemwogopa Mungu. Kwa hiyo usafi wa kabureta huanza juu, kwenye tangi. Fundi mwenye bidii hulivua tangi lenye kutu, hutia changarawe kavu na esansi kidogo, hulitikisa kwa muda mrefu, humwaga, hurudia mpaka kinachotoka kiwe safi, ndipo hubadilisha filtri ya bomba. Motari mwenye haraka hukasirika: alikuja kwa ajili ya jigleri, na sasa tangi liko chini. Lakini kuosha kabureta na kuliacha tangi chafu ni kumdanganya mteja kwa siku tatu.

Upande wa hewa nao unadai heshima ile ile. Msimu wa mvua barabara zetu ni tope, msimu wa jua ni vumbi, na kati ya vumbi hilo na silinda hakuna mlinzi mwingine zaidi ya filtri ya hewa. Baadhi ya motari huing'oa, kwa imani kwamba pikipiki itapumua vizuri zaidi. Kwa siku chache huenda ikaonekana hivyo. Kisha pete za pistoni huliwa na mchanga, moshi wa bluu huanza, na bei ya uzembe huo ni silinda mpya. Fundi anayeirudisha filtri, akaiosha kama ni ya sponji na kuipaka mafuta mepesi, au akaipukuta kama ni ya karatasi, anafanya kazi isiyoonekana kabisa na mteja. Ndivyo ilivyo pia na jwenti (gasketi) anayoikata kwa karatasi nene, akigongagonga kwa nyundo ndogo kwenye kingo za chuma hadi umbo lijichore lenyewe, na mpira wa kuunganisha kabureta na injini, ambao ukipasuka huingiza hewa ya wizi. Hewa hiyo haikupita kwenye koo, haikubeba mafuta, na inavuruga hesabu yote. Huitafuta kwa kudondosha maji ya sabuni kwenye mpira huku injini ikinguruma. Mngurumo ukibadilika, mwizi amepatikana.

Baada ya kurudisha kila kitu mahali pake huja sehemu ninayoipenda kuliko zote, kupima kwa sikio. Injini lazima iwe imepata moto, kwa kuwa injini baridi husema uongo. Fundi hukaza skrubu ya hewa polepole mpaka ikae, bila kuilazimisha, kisha huirudisha mzunguko mmoja na nusu. Huo ni mwanzo tu. Kuanzia hapo huenda robo kwa robo, akiinamisha kichwa. Ralanti hupanda, hupanda, hufika kilele, kisha huanza kuyumba. Kilele hicho ndicho anachokitafuta, na hakuna mita inayomwonyesha. Akikipata hushusha mwendo kwa skrubu ya pili, huvuta mkono ghafla na kuuachia. Injini ikirudi chini moja kwa moja bila kusita wala kuzima, upande wa chini umekubali. Kisha huhamia kwenye sindano. Juu ya sindano kuna mitaro midogo na kibanio. Kibanio kikihamishiwa mtaro wa juu, sindano hushuka na kubana mafuta. Kikihamishiwa wa chini, sindano hupanda na kuyaachilia. Pikipiki iliyotoka bondeni kuja kuishi Butembo mara nyingi hutaka mtaro mmoja juu. Ikienda kuishi Masereka huenda ikataka jigleri mkubwa wa namba ndogo pia. Ikirudishwa Kasindi bila kurekebishwa, hali hugeuka: hewa imezidi, injini hupata joto kali, na safari ndefu kwenye jua la bonde inaweza kuitoboa pistoni. Kwa hiyo yule anayekwenda na kurudi kati ya bonde na mlima hupewa kipimo cha katikati, chenye kuegemea kidogo upande wa mafuta, kwa kuwa mafuta ya ziada hula fedha lakini hewa ya ziada huua injini.

Ushahidi wa mwisho uko kwenye buji, plagi inayowasha moto ndani ya silinda. Fundi humtuma motari apande kilima kizima kwa mkono uliofunguka, azime injini hapo hapo juu, arudi kwa kuteremka. Buji ikifunguliwa, ncha nyeusi yenye masizi inasema mafuta yamezidi. Nyeupe iliyokauka inasema hewa imezidi. Inayotakiwa ni ya hudhurungi, rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo. Katika nchi iliyolea kahawa tangu enzi za wakoloni, hakuna anayehitaji kufafanuliwa rangi hiyo.

Na hapa kuna uaminifu ninaouheshimu mno. Fundi mwongo humwambia motari kwamba atamwongezea nguvu. Fundi mkweli humwambia kwamba nguvu iliyochukuliwa na mlima hairudi kwa bisibisi: hewa ikipungua, moto ndani ya silinda hupungua, na hilo ni agizo la Muumba wa milima. Kinachoweza kurudishwa ni uwiano. Kila gramu ya mafuta ipate hewa yake, pasipotee kitu, na injini ifanye yote inayoweza kufanya mahali hapa. Fundi anayekijua kikomo cha kazi yake na kukisema mbele ya mteja mwenye pesa mkononi amefika mbali katika elimu.

Uzito wa kazi hii katika Beni na Butembo unazidi biashara. Tangu mwaka 2014 wilaya ya Beni imezika watu wengi mno waliouawa mashambani na barabarani. Kwenye njia za Oicha, Mbau na Kamango, pikipiki inayozima porini jioni ni hatari kwa maisha ya waliomo juu yake, na chembe ya kutu ndani ya jigleri inaweza kuwa ndiyo sababu. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa ulioua watu zaidi ya 2,200, pikipiki zilibeba wagonjwa, zikabeba wauguzi, zikafikisha wachanjaji penye vijia visivyopitika kwa gari. Majina ya madaktari yaliandikwa, na ilistahili. Waliozifanya pikipiki hizo ziwake asubuhi hawakuandikwa popote. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anayetoka kijijini usiku hupandishwa pikipiki. Kakao ya Beni huanza safari yake ya ng'ambo juu ya pikipiki. Nikihesabu wanaoushikilia uhai wa mkoa huu, siwezi kumruka mtu anayechungulia duara la anga ndani ya tundu la shaba.

Moyo wa kazi hii haukufungiwa kwetu. Katika miji ya Ulaya, Marekani na Asia wapo watu wanaokipenda kwa namna hiyo hiyo kifaa kidogo zaidi, sigara ya kielektroniki yenye tangi linalojengwa upya. Mwenyewe husokota waya mwembamba, hupima ukinzani wake, hupitisha pamba katikati ya mizunguko yake, isiwe nyingi ikazuia kimiminika wala chache ikaungua, hurekebisha tundu la hewa, huosha tangi na kubadilisha vipete vya mpira. Nikotini siisifu, kwa kuwa inawafunga vijana, na mtu asiyevuta hana sababu ya kuanza. Lakini kazi yenyewe naitambua. Ni tambi ya Lanchester imerudi kwa umbo jingine: nyuzi zinazonyonya, hewa inayopita, kipimo kinachotafutwa kwa subira. Na karibu na watu hao yameuzwa mamilioni ya vifaa vilivyofungwa kabisa, vya kutumia na kutupa, na betri zake nzima ndani. Mwenye tangi linalofunguka anakijua kifaa chake. Mwenye kilichofungwa anajua tu mahali pa kununua kingine.

Pikipiki nazo zinaelekea kwenye kufungwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2020 India, nchi inayotutengenezea Boxer na TVS, imeweka masharti makali ya moshi kwa pikipiki zinazouzwa kwao, na nyingi zimeacha kabureta na kuchukua mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa kompyuta. Haki isemwe: mfumo huo ni mzuri. Una kihisi kinachopima msukumo wa hewa, hivyo ukitoka Kasindi kwenda Lubero hujirekebisha wenyewe njiani, na moshi wake ni mdogo. Mapafu ya watoto wa Butembo yatanufaika siku utakapotujaa. Lakini ukiharibika unataka mashine ya kusomea, na vipuri vinavyobadilishwa vizima, na mtu aliye tayari kulipia vyote viwili. Nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2024 zilipitisha sheria ya kuwapa raia wake haki ya kutengenezewa vifaa vyao badala ya kulazimika kununua vipya. Wanatunga sheria ili kukirudisha kile ambacho sisi bado tunacho kando ya barabara na tunakiona cha kawaida.

Kwa hiyo nasema kitu kimoja kwa mafundi wa Vulamba, wa Bungulu na Mulekera kule Beni, na wa kila kilima kati yao: andikeni. Elimu yenu imekaa masikioni na vidoleni, na sikio la mzee hufa naye. Chukueni daftari la shule, lenye mistari. Andikeni aina ya pikipiki, namba ya jigleri mkubwa na ya mdogo, mtaro wa sindano, mizunguko ya skrubu, rangi ya buji, na mahali: Kasindi, Beni, Butembo, Lubero, Masereka. Andikeni mvua na kiangazi. Shule za ufundi za hapa ziwaite, ziwakalishe mbele ya darasa, ziwafanye vijana wenye vitabu vya Bernoulli wasikilize kilele cha ralanti, na vijana wenye masikio wapewe hesabu inayoeleza wanachokisikia. Kiwanda cha India au cha Japani hakina jedwali hilo, kwa kuwa hakuna mhandisi wake aliyewahi kupima pikipiki moja kutoka Semuliki hadi Masereka kwa miaka 20 ya maisha yake. Ninyi mmepima. Likiandikwa, siku kabureta ya mwisho itakapovuliwa, watu wa milima hii watakuwa na ushahidi kwamba mashine zilizowafikia kutoka mbali zilimaliziwa hapa, kwa hesabu ya hapa, na watawadai waundaji wa mashine zijazo waanze na hesabu hiyo.